Nati ya Gurudumu la Mbele

Wenzangu wa gereji, nimestaafu mwezi uliopita, na kila asubuhi bado naamka alfajiri nikiitafuta ovaroli yangu. Mke wangu ameificha. Anasema mtu aliyekwisha kupewa saa ya ukutani na chai ya kuagwa hana tena sababu ya kunuka petroli. Basi nimekaa barazani na daftari, nikaona niwaandikie ninyi mliobaki. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Hayo yako kwa karani, na hayajapata kumshangaza mtu. Nitaandika habari za pikipiki za mashindano za miaka ile ya kabla ya vita, na zaidi habari za Fundi Mbelwa.

Siku ile ya chai yangu mmoja wenu, sitamtaja, aliona breki ya lori imelegea akasema, "Hii kaifunga Mbelwa." Mkacheka wote. Mimi nilishtuka, nikakiweka kikombe chini. Si kwamba sikuwahi kuusikia msemo huo. Nimeusikia miaka zaidi ya ishirini na nikajifanya kiziwi. Kilichonishtua ni kuona kwamba nyote mliocheka hamkuwahi kumwona Mbelwa, na wengine hamjui hata kama alikuwa mtu. Jina lake limebaki kuwa jina la kazi mbovu, na aliyelichafua ni mimi. Nataka kulisafisha, na njia ninayoijua ni kueleza mambo yalivyokuwa, moja baada ya jingine.

Nilipoingia gereji hapa Korogwe sikuwa mtoto. Nilikuwa na mke na binti mmoja, na nilikuwa nimetengeneza baiskeli pale Handeni miaka sita. Nilijiona bingwa wa kila kitu chenye magurudumu mawili. Siku ya kwanza karani akanipeleka nyuma, kwenye chumba kilichokuwa kikifungwa kwa kufuli mbili, nikakuta pikipiki ambayo haikuwa na taa, haikuwa na honi, wala pahala pa kupakia mzigo. Nikadhani imeibiwa vifaa. Mbele yake alikuwa amepiga magoti mzee mfupi, Mshambaa wa Lutindi, aliyejifunza mashine tangu enzi za Mjerumani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Njoo karibu. Unanusa nini?"

Nikanusa. Nikarudi nyuma hatua moja, maana harufu ile naijua tangu utoto. "Mafuta ya mbarika. Bibi alikuwa akitunywesha tumbo likifunga."

"Ndiyo hayo. Injini hii inayanywa."

"Ina ugonjwa gani?"

Hakucheka. Ilinichukua kama mwaka kugundua kwamba Mbelwa alikuwa akicheka kwa ndani. Akanieleza kwamba injini za mashindano huwaka moto kuliko injini nyingine, na mafuta ya kawaida huwa maji zikichemka, lakini ya mbarika hushikilia chuma. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba Wazungu wanainywesha pikipiki dawa ya tumbo, na yeye akaniambia nirudi Handeni kwenye baiskeli kabla sijawa kama wao. Habari zikaenea mjini. Haikupita wiki bila mama mmoja kuja na chupa kuomba ya kunywesha watoto, na Mbelwa alikuwa akiwapimia kwa kijiko.

Kisha akaja Bwana Yani. Alikuwa Mgiriki, lakini si wa mashamba ya mkonge kama wenzake wengi wa Korogwe. Kazi yake ilikuwa kushindana. Nyumba ya biashara ya Tanga, ile ile iliyokuwa na gereji yetu, ilimlipa aendeshe pikipiki zake kwenye mashindano ya barabarani, Tanga, Mombasa, hata Nairobi, ili watu wakiona imetangulia waende dukani wakanunue ndugu yake. Nyumba nyingine nazo zilikuwa na waendeshaji wao na mafundi wao. Mara ya kwanza nilipomwona akitoka langoni kwa mwendo ule, nilimshika Mbelwa mkono.

"Anapeleka nini?"

"Hapeleki kitu."

"Barua?"

"Hana barua."

"Sasa anakwenda wapi mbio namna ile?"

"Anarudi hapa hapa alipoanzia. Akifika, anazunguka tena."

Mtu mzima, mwenye akili, analipwa kwenda mahali alipo! Lakini nilipozoea, nikampenda. Bwana Yani alikuwa anajua Kiswahili kuliko mameneja wote, alikula nasi muhogo wa kuchoma, na kabla ya kila shindano alimwuliza Mbelwa neno moja tu: "Tayari?" Mbelwa akisema tayari, alipanda bila kukagua chochote. Alikuwa ameyaweka maisha yake kwenye vidole vya mzee yule, na Mbelwa alilijua hilo.

Ninyi mmezoea gari, na gari hulegea nati kumi likakufikisha nyumbani likilalamika. Pikipiki ya mashindano hailalamiki. Mtikisiko wake hufungua kila kitu kisichofungwa mara mbili. Kwa hiyo Mbelwa alitoboa tundu dogo kwenye kila boliti ya maana, akapitisha waya, akausokota kwa plaizi mpaka ukakaza upande wa kufungia, akakata ncha na kuikunja isimchane mtu. Mwezi wa kwanza nilisokota waya tu. Nikikosea upande, alikata bila kusema neno na kunipa mwingine. Vidole vyangu vilivimba hata nikawa nalishwa ugali na mke wangu, naye hakuacha kunikumbusha habari za Handeni.

Nati za magurudumu alifunga mwenyewe. Hiyo ilikuwa sheria. Asubuhi ya shindano alimwondoa kila mtu, akabaki na mimi wa kumshikia kitambaa, akakaza huku akihesabu kwa Kishambaa, akapitisha waya, akausokota mara saba. Kisha alisema kwa sauti, gereji nzima isikie: "Baada yangu hagusi mtu." Na kweli hakuna aliyegusa. Nilidhani ni maringo ya mzee. Baadaye nikaelewa kwamba jambo likiwa na mikono mingi hakuna anayejua limeharibikia kwa nani. Alitaka ijulikane.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa moja. Tulikwenda Mombo kwa shindano la kupanda mlima, njia ya Lushoto. Pikipiki ilitoka chini ikinguruma, ikafika kona za juu ikaanza kukohoa. Mafundi wa nyumba nyingine walibadilisha plagi, wakabadilisha petroli, wakagombana. Mbelwa alipanda mlima kwa miguu mpaka pale ilipoanza kukohoa, akakaa juu ya jiwe, akavuta pumzi. Akarudi. "Hata mimi nimekohoa pale," akasema. "Hewa ni nyembamba. Tupunguze petroli, isipate zaidi ya hewa." Akabadilisha kitundu cha kabureta kwa kingine kidogo zaidi, kazi ya dakika kumi, na Bwana Yani akawaacha wote nyuma. Nilishangaa mtu anaweza kuijua injini kwa mapafu yake mwenyewe. Tangu siku hiyo nilimwita baba, na hakukataa.

Sasa nifike kwenye shindano lenyewe, lile la Korogwe.

Lilikuwa la kwanza kufanyika kwetu, na mji ulichemka. Njia ilianzia karibu na stesheni, ikatoka kwa barabara ya Handeni, ikaingia katikati ya shamba la mkonge, ikapinda penye kambi ya wakata mkonge, ikarudi kwa upande wa mto. Mizunguko minane. Siku ya mazoezi Bwana Yani alirudi macho mekundu, uso kama umepakwa unga.

"Kona ile ya kambi, Mbelwa. Vumbi, vumbi! Nikiwa nyuma ya mtu sioni hata mikono yangu. Hapo nitakufa."

Mbelwa akatikisa kichwa. Vumbi si nati, hakuwa na spana yake. Lakini mimi nilijiona nina dawa. Nyapara wa kambi ile alikuwa mjomba wangu, Mdoe, kaka wa mama, ambaye alikuja kutoka Handeni kabla yangu na ndiye aliyenitafutia kazi gerejini. Jioni nikapanda baiskeli nikaenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pikipiki zenu zimewaua kuku wetu wawili leo."

"Pole, mjomba. Nimekuja kwa shida. Vumbi la kona hii litamwua mgeni wetu keshokutwa. Huwezi kufanya mpango?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Kwani Bwana Shauri akija vumbi linampata? Mgeni wa mpwa wangu ni mgeni wangu. Niachie mimi."

Nikamwachia. Sikuuliza mpango gani, kwa sababu niliujua, na kila mtu wa mashamba anaujua. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali wa wilaya, alipotarajiwa, nyapara alituma watu na matoroli kwenye korona, ile mashine ya kuchuna mkonge, wakachota makapi yanayobaki baada ya nyuzi kutoka, wakayatandaza barabarani. Vumbi lilitulia kabisa na gari la Bwana Shauri lilipita limeng'aa. Nilikuwa nimeona hivyo mara tatu. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na sikumwambia Mbelwa wala Bwana Yani. Nilitaka wafike pale washangae.

Mwenye kosa hapo ni mimi, na sitalipunguza. Kwa Bwana Shauri makapi hutandazwa siku moja kabla, yakaanikwa na jua, yakashikana na udongo. Tena gari la Bwana Shauri huja polepole, kwa magurudumu manne. Mimi nilikuwa fundi wa pikipiki za mashindano. Nilipaswa kufikiri juu ya matairi mawili membamba yakilala kwenye kona. Sikufikiri. Nilikuwa nimeshikwa na furaha ya kusaidia.

Asubuhi ya shindano Mbelwa alifunga magurudumu. Nilikuwapo. Nilimshikia kitambaa. Nilimwona akikaza nati ya gurudumu la mbele, akihesabu, akapitisha waya, akausokota mara saba, akakata ncha. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemsemesha, hakuinuka mpaka amemaliza. "Baada yangu hagusi mtu." Nawaomba msome sentensi hizi mara mbili.

Kisha nikapakiwa kwenye lori na plagi za akiba, spana na plaizi, nikapelekwa kwa njia ya mto kukaa katikati ya shamba, mbele kidogo ya kona ya kambi, kama pikipiki ingeharibikia huko. Kwa kuwa tulipita upande wa mto, kona yenyewe sikuiona. Nikakaa kati ya mistari ya mkonge nikisikiliza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya injini yetu. Naijua kama sauti ya mke wangu. Alikuwa ametangulia mbali, hakuna mwingine karibu naye, kwa hiyo hata vumbi lisingemsumbua. Hilo nalo hunirudia kichwani kila mara. Injini ikaja ikipanda, ikapungua kwa ajili ya kona, kisha ikapiga kelele peke yake, kelele ya gurudumu linalozunguka bila kushika kitu, ikakatika.

Nilikimbia. Nilipotokeza kwenye kona nikasimama. Barabara yote ilikuwa kijani. Makapi mabichi, yanayotoka maji, yametandazwa vizuri kutoka ukingo mpaka ukingo, nene na laini kama mlenda uliomwagika. Katikati ulikuwapo mstari mmoja mrefu ulioteleza mpaka mtaroni. Mjomba Mdoe alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya sikukuu. Nyuma yake wanawake wa kambi walikuwa wamejipanga na watoto, wamekuja kumpokea mgeni.

"Ameteleza!" mjomba akalia. "Mpwa wangu, ameteleza! Na tumemwekea mabichi kabisa, ya leo leo, tangu alfajiri tunatandaza!"

Kwa heshima yangu hakutaka kumpa mgeni wangu makapi ya jana.

Bwana Yani alikuwa mtaroni, hajitambui, na mguu wake wa kulia umebanwa kati ya gurudumu la mbele na uma unaolishika. Damu ilikuwa inatoka na kila tulipomvuta mguu ulizidi kubanwa. Nikatoa plaizi, nikaukata ule waya uliosokotwa mara saba. Nikafungua nati ya gurudumu la mbele. Ilikuwa ngumu, nililala juu ya spana kwa kifua ndipo ikaachia. Nikagonga ekseli, gurudumu likatoka, mguu ukatoka. Tukamlaza juu ya kanga za wanawake. Waendeshaji wengine walikuja, wakaona watu wanapunga nguo, wakapunguza mwendo wakapita ukingoni mmoja mmoja kwenda kutoa habari. Makapi hawakuyastaajabia, kwa maana barabara za mkonge hazikosi makapi yaliyodondoka.

Hapo nikaanza kufikiri, na fikira zangu zote zilikuwa za woga. Mzungu ameumia. Wataona barabara. Watamuuliza nyapara. Mjomba alikuwa na mke na watoto saba kwenye nyumba ya kambi, na kwa kosa la namna hii angeweza kufungwa, na jamaa zake wakatupwa nje siku hiyo hiyo. Kisha atasema nani alimwomba.

"Mjomba," nikasema, "fagieni. Yote. Haraka, kabla lori halijafika."

"Kwani kuna nini?"

"Fagieni tu!"

Hakuuliza tena. Watu hamsini wakafagia kwa matawi, na lori lilipofika baada ya kama nusu saa, kona ilikuwa udongo mkavu kama barabara nyingine yoyote. Vipande vya waya vilikwenda pamoja na taka. Waliokuja na lori walilikuta gurudumu pembeni, nami sikuwaambia kwamba nimelifungua mimi. Bwana Yani alipelekwa Tanga hospitali. Alipona, lakini mguu ulibaki mgumu kama gongo, akarudi kwao na hakushindana tena. Alipozinduka alikumbuka kitu kimoja: gurudumu la mbele lilimkimbia.

Kesho yake tuliitwa ofisini, Mbelwa na mimi. Alikuwapo meneja na Mwingereza mmoja msimamizi wa mashindano, mwenye kofia ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Juu ya meza palikuwa na gurudumu la mbele na ekseli, bila nati. Niliposikia swali la kwanza ndipo nilipoelewa kwamba walidhani gurudumu lilichomoka lenyewe.

"Nani alifunga gurudumu hili?"

"Mimi," akasema Mbelwa.

"Nani mwingine aliligusa?"

"Hagusi mtu baada yangu."

"Nati iko wapi? Waya uko wapi?"

Mbelwa akaliinamia gurudumu. Mimi nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa. Nati ilikuwamo. Nilikuwa nimeitia mfukoni pale mtaroni bila kujijua, kama afanyavyo fundi yeyote asipoteze kifaa, na nimelala nayo.

Ningeweza kuiweka mezani. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Lakini wangeuliza kwa nini sikusema jana, na nilikuta nini pale, na swali moja lingevuta jingine mpaka kwa mtu aliyevaa kanzu. Na nisijifiche nyuma ya mjomba peke yake. Niliogopa kwa ajili yangu pia. Nilisimama pale nikasubiri Mbelwa ajitetee, apige meza, aseme hapana, niliifunga, huyu hapa Athumani ni shahidi. Kama angenigeukia ningesema. Nadhani ningesema.

"Una hakika uliifunga?" meneja akauliza.

"Niliifunga."

"Una hakika?"

Akaitazama mikono yake, hii kisha hii, kama mtu anayeulizwa habari za watoto wake. "Nilidhani niliifunga," akasema.

Alifukuzwa siku hiyo. Nilimsindikiza mpaka lilipokuwa lori la kwenda njia ya Lutindi. Kabla ya kupanda alinipa plaizi yake. Nikasema, "Baba, sistahili," na lilikuwa neno la kweli pekee nililosema wiki ile. Akanijibu, "Ukifunga, Athumani, rudi uangalie tena. Mimi sikurudi." Siku moja tu ilikuwa imepita, na tayari alikuwa anawaamini wao kuliko vidole vyake. Lori likaondoka. Jioni nilisimama darajani nikaitupa ile nati mtoni, na kuanzia hapo hapakuwa na ushahidi duniani ila mdomo wangu.

Mjomba Mdoe aliniuliza mara moja, mwaka uliofuata. "Mpwa wangu, yale makapi yetu hayakumdhuru yule bwana?" Nikamwambia, "La, mjomba, ilikuwa nati." Akashukuru Mungu. Alifariki baada ya vita akiwa bado nyapara, na wanawe wote wamesoma. Alipofariki hapakuwa tena na wa kumkinga. Nikasema nitakwenda Lutindi mwezi ujao. Kisha mwezi ujao. Mashindano yalikuwa yamekwisha siku nyingi, ikawa malori, ikawa mabasi, na sasa watu wanazungumzia uhuru. Korogwe na Lutindi si mbali. Hakuna aliyenizuia.

Nilikwenda wiki iliyopita. Gari lilinishusha chini, nikapanda kwa miguu nikipumzika kila kona. Nyumba nilionyeshwa na mkewe, bibi mwembamba aliyetoka kuchota maji. Kabla ya kuingia nilisimama nikaitazama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba badala ya bawaba. Dirisha kwa kamba. Jembe lililoegemea ukuta lilikuwa limefungwa mpini kwa kamba.

"Hataki," yule bibi akasema aliponiona nikitazama. "Tangu arudi hajakaza kitu. Hata msumari hapigi. Husema kitamwangukia mtu."

Na huyu alikuwa Mbelwa. Nililia pale pale uani, mzee mzima.

Alikuwa ameketi juani, amezeeka sana, macho hayaoni tena, lakini masikio mazima. Alinitambua kwa sauti. Nikampa shikamoo, akaitikia, mkewe akaleta chai. Sikuigusa. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi: vumbi, mjomba, makapi mabichi, mguu uliobanwa, waya nilioukata, nati niliyoilalia kwa kifua ndipo ikaachia. Alinisikiliza bila kunikatiza, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza injini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba. Nisamehe."

"Ulikuwa mtu mwema tangu zamani," akasema. "Umepanda mlima wote huu kuja kunifariji."

"Sikufariji! Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

"Athumani. Ile nati naikumbuka. Nilikuwa nimeikaza nusu, Bwana Yani akaniita niangalie mnyororo, nikainuka. Waya niliuacha juu ya kitambaa. Sikurudi. Naiona mpaka leo, nyuzi za ekseli zilizobaki nje zinang'aa."

Kitambaa nilikuwa nimekishika mimi! Bwana Yani asubuhi ile hakumwita mtu, alikuwa nje anakunywa kahawa. Lakini mzee huyu alikuwa ameitafuta nati iliyolegea kila siku kwa miaka yote niliyokaa kimya, na kwa kuwa haikuwapo, alikuwa ameitengeneza mwenyewe kichwani, kamili, mpaka na mng'ao wake.

"Ilikuwa imefungwa!" nikapiga kelele hata mkewe akatokeza mlangoni. "Waya mara saba! Niliukata kwa mkono huu, wallahi naapa!"

Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata goti langu, akalipigapiga taratibu.

"Usiape uongo kwa ajili yangu, mwanangu," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Nikainywa.